Sahani ya soseji na treni ya kuchezea: Krismasi ndani ya katuni za zamani

Ukiniwekea mezani katuni mbili za zamani, moja ya Juni na nyingine ya Desemba, nitachukua ya Desemba hata kama jalada limeng'oka. Watu hudhani ni kwa sababu ya dini, au theluji, au kule kukumbuka utoto. Hapana. Nazipenda kwa sababu ndizo zilizonionyesha kwamba hata Wazungu waliwahi kukaa mwaka mzima wakingojea siku moja ya kula washibe.

Nilikulia Nakuru, kwenye landhi za reli, yaani nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, miaka ya 1980. Nyumbani kulikuwa na Taifa Leo, na ndani yake Juha Kalulu wa Edward Gitau, kwa hivyo hadithi iliyokatwakatwa kwenye visanduku haikuwa kitu kigeni kwangu. Lakini vitabu vizima vya katuni, vile vya jalada gumu, tulivipata kwa wauzaji wa "inama bookshop", wanaotandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia kando ya barabara, na ukitaka kununua sharti uiname. Baba alikuwa mtu wa kuhesabu senti. Hata hivyo, mshahara wa Desemba ukiingia alipenda kunipitisha hapo, akasimama pembeni akiongea na wenzake, nami nikaachiwa kuchagua kimoja.

Vingi vilikuwa vya Uingereza, hasa vitabu vya mwaka vya Beano na Dandy. Magazeti hayo mawili ya watoto yalitolewa na kampuni moja, D.C. Thomson ya mjini Dundee, Scotland. Dandy lilianza Desemba 1937, Beano likafuata Julai 1938. Kila wiki kulikuwa na gazeti lake jembamba, lakini msimu wa Krismasi ulipokaribia kilitoka kitabu kikubwa cha mwaka, kilichotengenezwa kiwe zawadi. Ndiyo maana ukifungua jalada unakuta nafasi ya kuandika jina la mwenye kitabu. Kimoja changu kilikuwa na jina la mtoto kwa wino wa buluu, na chini yake maneno kwamba kinatoka kwa shangazi, Krismasi 1955. Kona ya ukurasa wa mbele ilikuwa imekatwa kwa mkasi, sawasawa kabisa. Baba ndiye aliyenieleza: bei ilikuwa imechapwa hapo, na aliyenunua hakutaka anayepewa aijue. Alicheka mpaka akakohoa. Kwetu bei ya zawadi ndiyo ilikuwa habari ya kwanza kutangazwa.

Sasa nikuonyeshe picha iliyonishika tangu siku hizo. Iko mwisho wa hadithi, kwenye kisanduku cha mwisho. Mtoto mtukutu amefanya jambo jema, pengine bila kukusudia, na mtu mwenye uwezo anamtuza. Tuzo si baiskeli wala si pesa. Ni sahani. Juu yake kuna mlima wa viazi vilivyopondwa, mweupe, na soseji zimechomekwa humo pande zote, vichwa nje, mvuke ukipanda kwa mistari mitatu iliyopinda. Mtoto ameshika kisu na uma wima, macho yamemtoka. Krismasi ikifika, sahani hiyo huongezewa bata mzinga na pudini ya mviringo, nyeusi, yenye tawi dogo la majani ya miiba na vijitunda vyekundu juu yake. Basi, hadithi imekwisha. Hakuna aliyehubiriwa. Watu wanakula.

Nilipokuwa mdogo sikujiuliza kwa nini kila hadithi ilikuwa inakimbilia chakula. Jibu nililipata ukubwani, niliposoma historia kidogo. Uingereza iliingia kwenye mgao wa chakula Januari 1940, na mgao huo haukuisha vita vilipoisha mwaka wa 1945. Uliendelea miaka mingine tisa. Peremende ziliachiliwa Februari 1953. Nyama ilikuwa ya mwisho, Julai 1954. Soseji zenyewe hazikuwekwa kwenye mgao, lakini ilikuwa taabu kuzipata, na ukizipata zimejazwa mkate kuliko nyama. Hata karatasi ilipimwa: kwa miaka kadhaa Beano na Dandy yalitoka kwa zamu, wiki hii moja, wiki ijayo jingine, mpaka 1949. Mtoto aliyeshika gazeti hilo kwa hamu alikuwa ameshazoea kusubiri vitu viwili, katuni na nyama.

Sasa mtazame Desperate Dan, yule jitu la Dandy mwenye kidevu chenye ndevu ngumu za siku mbili, akila pai yenye ng'ombe mzima ndani, pembe zikitokeza kwenye unga. Alichorwa na Dudley D. Watkins, mchoraji aliyebeba kurasa nyingi za kampuni hiyo hadi alipofariki mwaka wa 1969. Pai hiyo ilichekesha miaka ile kwa sababu ilikuwa haiwezekani. Familia nzima ilikuwa inapangiwa nyama ya wiki kwa kitabu cha serikali, na hapa kuna mtu mmoja anakula ng'ombe na pembe zake. Ukiisoma leo ukiwa umeshiba utaona mzaha tu. Ukiisoma ukiwa na njaa kidogo utaona mengine.

Nami nilikuwa na njaa ya aina hiyo, ile isiyoua ila haisahauliki. Krismasi kwetu ilikuwa chapati. Sijui kizazi cha sasa, ambacho kinanunua chapati kibandani Jumanne saa nne, kitanielewaje. Mama alianza kukanda unga kabla hakujapambazuka. Ukitembea kwenye landhi ulikuwa unapita kutoka harufu moja ya mafuta ya Kimbo hadi nyingine, mlango baada ya mlango, na watoto wote wako nje na nguo mpya zilizonunuliwa kubwa ili zifike Krismasi ijayo. Soda moja kwa kila mtoto, na kila mtu aliinywa polepole ili amcheke aliyemaliza kwanza. Nilipofungua katuni jioni ya siku hiyo na kuikuta ile sahani ya soseji, niliona mwenzake sufuria ya chapati. Soseji sikuwa nimewahi kuionja, lakini ile furaha ya kuwekewa kitu ambacho jana hakikuwepo na kesho hakitakuwepo niliijua vizuri sana.

Kuhusu theluji sina mengi. Toleo la Krismasi hutambulika kwa mbali kwa sababu herufi za jina la gazeti hurundikiwa theluji juu, kana kwamba nalo limelala nje usiku. Nakuru Desemba ni jua na vumbi. Sisi tulikata tawi la mkrismasi, tukalisimamisha kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, tukatawanya pamba ya duka la dawa juu yake, na hakuna aliyeona ajabu. Jambo moja tu nimelitambua baada ya kuzitazama kurasa hizo miaka mingi: theluji ya mchoraji mzuri haichorwi. Ni karatasi iliyoachwa bila wino. Watkins alikuwa anaweka mstari mmoja wa paa, mstari mmoja wa ukuta, na katikati hakuna kitu, nawe unahisi baridi. Kwenye karatasi ya gazeti iliyozeeka, theluji hiyo sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Mimi naipenda zaidi hivyo.

Katuni za Kimarekani nilizifikia baadaye, nikiwa nafanya kazi Nairobi na nina mshahara wangu wa kuchezea. Hapo ndipo nilipokutana na Carl Barks, na nasema wazi kwamba kwa hadithi za Krismasi sijaona anayemfikia. Barks alizaliwa Oregon mwaka wa 1901 kwenye shamba. Alipitia vibarua vya kila namna kabla ya kuishi kwa kalamu, na miaka ya 1920 alifanya kazi kwenye karakana ya reli huko Roseville, California. Nilipomsomea baba habari hiyo alitikisa kichwa kwa heshima, kama aliyesikia jina la mtu wa zamu yake. Kwa miaka mingi Barks alichora na kuandika hadithi za Donald Duck, yule bata wa Disney, bila jina lake kuchapwa popote. Watoto walimtambua kwa mkono wake tu, wakawa wanamwita yule mchoraji mzuri wa mabata.

Desemba 1947 alitoa "Christmas on Bear Mountain". Alihitaji mjomba tajiri mwenye nyumba mlimani ili hadithi iende, basi akamtengeneza Scrooge McDuck, jina likichukuliwa kwa bahili wa hadithi ya Charles Dickens ya 1843. Hakukusudia aishi kupita hadithi hiyo. Tazama anavyoingia: mzee peke yake ndani ya jumba kubwa, kwenye kiti kikubwa, anaichukia Krismasi kwa sababu ni msimu wa watu kupendana, naye hapendwi na mtu wala hampendi mtu. Wakati huohuo Donald na wapwa zake watatu hawana hata pesa za sherehe. Scrooge anawapa nyumba yake ya mlimani, si kwa huruma, bali apate kumjaribu Donald kama ni shujaa, kwa kumtokea akiwa amevaa ngozi ya dubu. Dubu wa kweli nao wanaingia. Yanayofuata ni vurugu tupu, na mwishowe Donald anahesabiwa shujaa kwa sababu ya woga wake mwenyewe: amezirai, na mzee hakuelewa anachokiona. Hakuna malaika, hakuna machozi, na Scrooge haongoki. Anakosea kuhesabu tu, na kosa lake linawapatia wengine mlo.

Lakini hadithi ninayoitoa kila Desemba ni "A Christmas for Shacktown", iliyotoka kwenye toleo la Januari na Februari 1952. Inaanza na wale wapwa, Huey, Dewey na Louie, wakipita kwenye mtaa wa vibanda na kuona watoto wembamba wenye nguo za viraka. Krismasi yao wenyewe inawaharibikia hapohapo. Wanawake wa chama cha Daisy, mpenzi wa Donald, wanaanza kuchanga. Zinahitajika dola 50, nusu ya bata mzinga na vyakula, nusu ya treni ya kuchezea. Donald anatumwa kwa Scrooge. Mzee anakubali kutoa 25 za chakula. Treni? Hiyo ni upuzi. Kama Donald anaitaka treni, akaitafutie pesa mwenyewe.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu kidogo nikafikiri. Scrooge ndiye mzazi wangu. Ndiye kila mzazi wa landhi aliyejua kwamba baada ya Krismasi inakuja Njaanuari, na karo, na viatu vya shule, akanunua viatu hivyo Desemba na kuviita zawadi. Ndiye pia kila mfadhili aliyewahi kuja na lori la unga na mablanketi na kuondoka akiwa ameridhika. Msimamo wake ni wa busara kabisa, na Barks hamfanyi mjinga. Anachofanya ni kuuliza swali kwa upole: je, maskini anadaiwa chakula tu, au anadaiwa pia kitu kisicho na faida? Halafu anatoa jibu lake kwa njia ya kichekesho. Hazina ya Scrooge inadidimia ardhini kwa uzito wake, inaangukia mahali ambapo mtikisiko kidogo utaimeza kabisa, na hakuna mashine wala mtu anayeweza kuifikia. Chombo pekee chepesi kiasi cha kuingia humo na kutoka na pesa ni treni ya kuchezea. Ile ya upuzi.

Baada ya hadithi hiyo nilianza kuwanunulia watoto wangu kitu kimoja cha kipuuzi kila Krismasi, kitu ambacho sitaweza kukitetea mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Viatu vya shule navyo hununuliwa, ila siku yake ni nyingine.

Kuna jambo halifurahishi nami sipendi kulipitia kimyakimya. Katuni hizi zina picha mbaya za watu weusi. Beano la kwanza kabisa, la 1938, lilikuwa na mtoto mweusi kwenye kichwa cha gazeti, amechorwa midomo minene anakula tikiti maji, na picha hiyo ilikaa miaka kadhaa. Barks naye ana hadithi ambazo siwezi kumpa mtoto bila kukaa naye. Nimewaona wazazi wanaozitupa zote, na wengine wanaosema zilikuwa nyakati zao, tuachane nayo. Mimi huwaachia watoto waone, kisha nawauliza aliyechora hivi alikuwa amewahi kukaa chumba kimoja na mtu mweusi? Mwanangu wa kiume, alipokuwa darasa la tatu, alijibu kwamba hapana, na tena hajawahi kuona tikiti maji, maana amelichora vibaya. Tukaendelea kusoma.

Kwa anayetaka kuanza, tahadhari mbili tatu za mtu aliyeinama sana. Usitafute neno Desemba pekee. Magazeti ya Marekani yalitangulizwa tarehe, ndiyo maana hadithi ya Krismasi ya 1951 ina Januari 1952 kwenye jalada. Na vitabu vya mwaka vya Uingereza vya miaka ya karibuni hubeba mwaka unaofuata. Vile vya zamani sana havina mwaka kabisa, utajua kwa maandishi ya shangazi. Usihangaike na toleo la asili kama nia yako ni kusoma: kampuni ya Fantagraphics ya Seattle imechapa upya kazi za Barks kwa mpangilio mzuri, kile cha Shacktown mwaka wa 2012 na kile cha Bear Mountain mwaka uliofuata. Toleo la kwanza waachie wenye makabati ya kioo. Mimi vilivyochanika ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu vimesomwa.

Na ukivipata, vitunze. Karatasi ile ni ya bei rahisi, ya massa ya mbao, na mwanga na hewa huifanya iwe kahawia kisha ivunjike kama kaukau. Nilipohamia Mombasa niligundua adui mwingine: hewa ya chumvi hula pini za chuma zilizoshikilia kurasa, na kutu yake huacha doa linaloenea ukurasa baada ya ukurasa. Pini iliyoanza kuoza naitoa taratibu kwa kisu butu na kushona kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale. Usitumie seloteipu hata kidogo. Sanduku liwe juu ya kabati, mbali na ukuta wenye unyevu, na mara moja kwa mwezi lifunguliwe lipate hewa na mende wajue kuna mwenye nyumba.

Krismasi iliyopita mama alishuka Pwani kutuona. Sasa yeye ndiye nyanya, na macho yake bado yanasoma bila miwani kukiwa na mwanga. Binti yangu alimwekea Shacktown mapajani akamtafsiria sanduku kwa sanduku. Walipofika pale Scrooge anapokataa kutoa pesa za treni, mama aligonga ukurasa kwa kidole.

"Huyu mzee ana akili. Treni watakula?"

"Ngoja, nyanya, tumalize."

Wakamaliza. Hazina ikadidimia, treni ikaingia shimoni, ikatoka na pesa. Binti yangu akamtazama akingoja ashindwe. Mama akarudisha kurasa mbili nyuma, akaitazama tena ile treni, kisha akamrudishia kitabu.

"Basi angenunua mbili," akasema, na kuuliza kama chapati ziko tayari.